Anko Yupi?

Kila Ijumaa jioni, chakula kikishaliwa, wanafunzi walikuwa wakikusanyika kando ya bwawa la chuo, ishirini hivi, siku nyingine arobaini, wakisimama vikundi vikundi na kuzungumza Kiingereza mpaka mbu watufukuze. Wachina wanauita mkusanyiko huo kona ya Kiingereza, na vyuo vingi nchini mwao vina kona ya namna hiyo. Mgeni akipita karibu tu, amekwisha kuzingirwa. Mimi nilisoma shahada ya uzamili katika mji mmoja wa mkoa wa Zhejiang, kuanzia 2014 hadi 2017. Kiingereza changu ni kile cha sekondari ya Lindi, lakini pale bwawani nilikuwa mwalimu.

Ijumaa moja waliniuliza nani aliyenisomesha. Nikawajibu kwa Kiingereza kwamba ni "uncle" wangu. Binti mmoja wa kutoka Wenzhou, mwenye miwani mikubwa na daftari dogo lisilombanduka mkononi, akainua kalamu.

"Uncle yupi?"

Mwingereza angemtajia jina, yakaisha. Mimi nilijua haulizi jina. Alitaka kujua mtu huyo amekaa upande gani wa damu yangu: ni wa kwa baba au wa kwa mama? Kama ni wa kwa baba, alitangulia kuzaliwa au alimfuata baba? Na kama si wa damu, amemwoa nani? Nikaliomba lile daftari, nikachora baba na mama, nikavuta mistari kwenda kwa ndugu zao, tukaanza kujaza majina. Nilipoandika baba mkubwa, yeye akaandika bofu. Baba mdogo, shushu. Shangazi, gugu. Mjomba, jiujiu. Kila chungu kikapata kifuniko chake. Hata yale madogo yalilingana: kwetu mjomba ni mjomba, awe mkubwa au mdogo kwa mama, na kwao vilevile jiujiu ni jiujiu. Tulipoachana ni kwa ndugu wa kike wa mama, ambao sisi tunawagawa kuwa mama mkubwa na mama mdogo, na wao huwaita yi wote, kisha huwahesabu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Na mume wa shangazi, ambaye kwetu kila nyumba ina namna yake ya kumwita, kwao ana jina lake rasmi, gufu, kama mume wa yi alivyo yifu.

Tulipomaliza tukahesabu. Bofu, shushu, jiujiu, gufu, yifu. Watu watano, kila mmoja ana haki zake na lawama zake, na Kiingereza kimewasukumia wote chumba kimoja.

"Sasa," aliniuliza yule binti, kwa huzuni ya kweli kabisa, "Waingereza wanajuaje nani akae wapi siku ya karamu?"

Swali lake lilinirudisha darasa la nne. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni: uncle, mjomba. Tukanakili. Wiki iliyofuata akatupa insha kuhusu familia, nami nilikuwa nakaa kwa baba mdogo. Kumwita mjomba niliona ni kumtukana yeye na mama yangu pamoja. Nikatafsiri kama nilivyoweza: nikaandika kwa Kiingereza kwamba ninaishi na baba yangu aliye mdogo. Wino mwekundu ulikatiza sentensi nzima, na darasa likacheka wiki nzima kwamba baba yangu ni kibeti. Pale bwawani niliona kosa lilelile limevaa nguo nyingine. Wachina walikuwa wananiambia habari za "uncle mkubwa" na "uncle wa tatu", na mmoja alisema "uncle wa nje", maana Kichina huwaweka watu wa kwa mama upande wa nje: bibi mzaa mama ni bibi wa nje, na mtoto wa dada ni mpwa wa nje. Wote hao, nikiwemo mimi, tulikuwa tunakosea kwa sababu moja. Tulikuwa na habari nyingi kuliko neno linavyoweza kubeba, na hatukuwa tayari kuziacha mlangoni.

Basi nikaacha kuwapa maana ya neno, nikaanza kuwapa kile ambacho neno limekitupa. Niliwaambia: Kiingereza hakikuulizi upande wala umri. Ukiona ni muhimu, sema kwa urefu, "kaka mkubwa wa mama yangu", na Mwingereza atakuelewa, ingawa atashangaa kwa nini unamweleza. Ukimtaja mtu mwenyewe, weka neno mbele ya jina lake. Na usimwite hivyo abiria mwenzako kwenye basi la London, maana huko neno hilo, japo huvuka damu kidogo na kumfikia rafiki wa wazazi, halifiki kwa mpita njia.

Hili la mwisho liliwaudhi kuliko yote. Mtoto wa Kichina anafundishwa kumwita askari polisi jingcha shushu, yaani baba mdogo askari. Mimi mwenyewe sokoni nilisikia akina mama wakiwanong'oneza watoto wao wanisalimie: msalimie shushu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nikaona sawa. Mwaka wa pili nikafuga ndevu, na mtoto mmoja kwenye foleni ya maandazi ya mvuke akanitazama juu hadi chini akaniita bobo, baba mkubwa, maana yake nimemzidi baba yake umri. Usiku huohuo nilinyoa. Konda wa daladala akikupandisha cheo kutoka "kaka" hadi "mzee" mbele ya abiria wengine, maumivu ni hayohayo. Mtoto wa Kiingereza hana hata neno la kukuumizia namna hiyo.

Nilikwenda maktaba kuwatafutia wanafunzi wangu jibu la yule binti: Waingereza wanaishije na neno moja? Nikakuta kwamba hawakuwa hivyo tangu zamani. Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno mawili, faedera kwa ndugu wa baba na eam kwa ndugu wa mama. Walikuwa na mjomba wao, kabisa. Kisha mwaka 1066 Wanormani wakavuka bahari wakaiteka nchi, lugha ya mabwana ikawa Kifaransa, na miaka ilivyopita neno la Kifaransa, oncle, likayasukuma yale mawili nje ya mlango. Waingereza wakampoteza mjomba wao hivyo, bila msiba wala matanga.

Kilichonichekesha ni asili ya hiyo oncle yenyewe. Imetoka kwenye Kilatini, avunculus, ambayo maana yake ni babu mdogo, na Warumi hawakuitumia kwa kila mtu. Ndugu wa baba walimwita patruus. Avunculus alikuwa ndugu wa mama peke yake. Kwa hiyo mwalimu wangu wa darasa la nne, kwa kipimo cha Warumi, alikuwa sahihi: uncle ni mjomba. Tatizo ni kwamba hatukuwa Roma.

Humohumo maktaba nilikutana na George Murdock, Mmarekani aliyeandika mwaka 1949 kuhusu jinsi jamii zinavyoita ndugu zao, akazigawa kwenye mafungu na kuyapa majina. Lile fungu la jamii zinazompa kila ndugu jina lake mwenyewe, bila kuchanganya, aliliita la Kisudani. Na mfano ambao hutajwa sana wa fungu hilo la Kisudani ni Wachina. Niliwasomea Ijumaa. Kijana mmoja wa uhandisi akasema basi bila shaka mimi ni Mchina, na tukaachia hapo.

Kulikuwa pia na kikundi kilichokuwa kikisoma Hamlet kwa ajili ya mtihani. Claudius amemuua kaka yake, amechukua kiti chake, amemwoa mjane wake, na Hamlet ni mtoto wa huyo aliyeuawa. Wakaniuliza: Claudius ni bofu au shushu? Nilipekua tamthilia nzima, nikaona "uncle", nikaona "ndugu wa baba yangu", sikuona mahali palipotaja umri. Wao wakaamua ni shushu, kwa hoja kwamba asingekuwa mdogo kiti kingekuwa chake tangu mwanzo. Hoja nzuri. Lakini mimi nilikuwa na tatizo jingine, na nikawaambia: mkimwita baba mdogo, wazee wengi wa kwetu watauliza kosa la ndoa hiyo liko wapi. Ndugu akifa, ndugu anabaki na mjane na watoto. Mauaji tutayakemea, ndoa tutaijadili. Si mzaha wa kwangu peke yangu. Mwanaanthropolojia Laura Bohannan aliwasimulia wazee wa Kitiv, huko Nigeria, kisa hichohicho, na makala yake ya mwaka 1966 inaeleza jinsi wazee walivyoisifu ndoa ya Claudius. Kisha wakamuuliza kama Claudius na marehemu walikuwa wa mama mmoja. Bohannan hakuwa na jibu, kwa sababu Shakespeare hakuliandika. Nilipowasimulia hilo, yule binti wa Wenzhou alipiga daftari lake pajani. Hatimaye amepata wenzake.

Si kila "uncle" ni wa kutafutiwa upande, hata hivyo. Kuna riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya mwaka 1852, ambayo Wachina wa leo wanaijua kama nyumba ndogo ya Tom shushu. Lin Shu, aliyeitafsiri mwaka 1901, hakujua lugha yoyote ya kigeni. Mwenzake Wei Yi alimsomea kwa mdomo, naye akaandika kwa Kichina cha kale. Kwenye jina la kitabu hakumweka uncle wala shushu. Alikiita kilio cha watumwa weusi kwa mbingu. Nadhani Lin Shu alikuwa na sikio kuliko waliomfuata, maana Tom hakuwa ndugu wa mtu yeyote kati ya wale weupe waliomwita hivyo. Kusini mwa Marekani mzee mweusi aliitwa uncle ili asije akaitwa bwana. Nilipolieleza hili pale bwawani palinyamaza kidogo, na kijana mmoja akaniuliza kwa upole kama itanifaa wakiacha kuniita shushu. Nikamwambia ile ya Kichina haina neno.

Sasa nirudi kwa yule binti. Siku moja alisema kwa Kiingereza kwamba ana kaka watatu. Nilishangaa. China ilitangaza sera ya mtoto mmoja mwaka 1980, yeye amezaliwa miaka kumi na tano baadaye, mjini, kwa wazazi watumishi wa serikali. Vijijini kulikuwa na ruhusa zake, lakini siyo kwa watu kama hao. Kumbe wawili walikuwa watoto wa jiujiu na mmoja mtoto wa bofu. Nilipaswa kujua. Mimi mwenyewe ninaposema "ndugu yangu" huwa ninaongelea watu wasiopungua kumi na wanne. Wachina wanatofautisha: wa baba mkubwa na baba mdogo ni wa tang, yaani wa sebule moja, jina la ukoo ni moja, na wengine wote ni wa biao, wa upande wa nje. Nasi tunatofautisha karibu hivyohivyo. Mtoto wa baba mdogo ni kaka na dada, wa mjomba na shangazi ni binamu. (Binamu, kwa Kiarabu, ni mtoto wa ami, ndugu wa baba. Tumelichukua neno na kuligeuza kichwa chini, wala hakuna aliyelalamika.)

Nilimsahihisha, kwamba kwa Kiingereza hao si kaka. Akauliza ni nani, nikampa neno, akaliandika, akalitazama. Akasema neno hilo linamfanya awe peke yake. Mpaka dakika moja iliyopita alikuwa na kaka watatu.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa 2015, na habari za wakati huo zilikuwa kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2016 kila familia itaruhusiwa watoto wawili. Wanafunzi walilizungumza jambo hilo kama watu wanaozungumzia basi lililokwisha kupita. Binti akafungua ule ukurasa wetu wa mistari na majina. Yeye hana kaka, akasema, hivyo mtoto wake hatakuwa na jiujiu. Hana dada, hivyo hakuna yi. Akiolewa na mtu aliyezaliwa peke yake, na karibu wavulana wote anaowafahamu ni hivyo, hakuna bofu, hakuna shushu, hakuna gugu. Na bila gugu na yi hakuna gufu wala yifu. Alipita akiweka alama ndogo ya kalamu pembeni ya kila jina, kama mtu anayehakiki mizigo. "Atalazimika kuyajifunza haya maneno kwenye kitabu," alisema, "kama ninavyojifunza Kiingereza." Alilisema bila kujihurumia, na tukaendelea na mambo mengine, kwa sababu mbu walikuwa wameanza.

Mwaka uliofuata dada yangu alipiga simu kutoka Lindi. Barua ya posa ya binti yake ilikuwa imefika. "Mjomba mtu uko wapi?" Hakuniuliza kama nitakuja. Kwetu kusini, kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukoo ulifuatwa kwa mama. Baba alikuzaa na kukupenda, lakini mwenye kauli juu yako alikuwa kaka wa mama yako. Ndiyo maana alinisomesha mjomba, akiuza korosho kila msimu, wakati baba alikuwa hai na mzima. Dini, shule na maisha ya mjini vimeipunguza sana kauli hiyo, ila siku ya posa huwa inafufuka. Bila mjomba mahari haipokelewi, na mjomba wa binti yule alikuwa mmoja tu duniani, naye alikuwa kwenye chumba cha bweni China akijaribu kuelewa takwimu.

Nikajaza fomu ya ruhusa. Kwenye safu ya uhusiano nikaandika kwa Kiingereza: uncle. Mama wa ofisini, mpole tu, akaisoma, akaigeuza kwa Kichina kwa sauti kama wanavyofundishwa wote tangu shule ya msingi: shushu. Akaniambia kwamba shushu hana haja ya kusafiri. Kulikuwa na mtihani katikati ya mwezi. Akanishauri nitume bahasha nyekundu ya pesa kwa simu, siku hizi watu wote wanafanya hivyo, na maharusi wanafurahi zaidi. Nilijitahidi kueleza kwa Kichina changu cha kubahatisha, nikasema neno ndoa na neno lazima mara nyingi, akaendelea kunionea huruma. Fomu ikarudi bila muhuri.

Binti wa Wenzhou alinikuta nje nikiwa na karatasi yangu. Akaisoma. Sijawahi kumwona mtu akikasirikia neno moja namna ile. Alinivuta mkono tukarudi ndani, akakata ile "uncle" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake herufi mbili: jiujiu. Yule mama akainama kusoma.

"Jiujiu? Wa damu?"

"Wa damu," binti akajibu. "Na ni mmoja tu."

Mama akaegemea kiti. Akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Kisha akatamka msemo ambao binti alinitafsiria baadaye ngazini: wa karibu ni mama, mkubwa ni mjomba. Alinieleza pia, huku akitafuta muhuri kwenye droo, kwamba kwao kijijini harusi yake ilicheleweshwa saa nzima, chakula kikipoa mezani, kwa sababu jiujiu wake alikuwa hajafika na kiti chake hakiwezi kukaliwa na mtu mwingine. Nilipewa siku kumi.

Guangzhou, Addis Ababa, Dar es Salaam, kisha basi la alfajiri kwenda kusini. Nilifika siku moja kabla ya wakwe, nikapokea mahari, nikavishwa kilemba changu, nikatoa maneno niliyokuwa nikiyafanyia mazoezi ndani ya ndege. Jioni tulikaa mkekani wanaume watano tukila pilau: mimi, baba yetu mdogo, mume wa shangazi, mume wa mama mdogo, na kaka mkubwa wa bwana harusi. Watoto walikuwa wakikimbia kutuzunguka, na kila mmoja wetu waliyemtaka soda walimwita anko. Anko huyu, anko yule. Dereva wa bajaji aliyeleta barafu naye alikuwa anko. Mtoto mmoja wa binamu yangu, wa miaka sita hivi, akanishika goti.

"Anko, naomba mia tano."

Nikamuuliza mimi ni nani kwake.

"Anko."

"Anko yupi?"

Akatutazama mmoja baada ya mwingine, sote watano, akifikiri kwa bidii, mdomo umejaa pilau.

"Anko wa China," akasema, akanyoosha mkono.